Wodi ya Mlango Mmoja

Wodi ya macho ilikuwa na mlango mmoja tu, na hapo ndipo taabu ya Enesi ilipoanzia. Kijijini kwao Ruanda, huku huku Mbozi, nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, kwa hiyo mtu mwenye adabu zake hakosi pa kupitia. Baba mkwe akikohoa mbele, wewe unatokea nyuma na mwiko wako mkononi, hata kama ugali bado mbichi. Lakini waliojenga hospitali hii ya misheni hawakuwa na wakwe. Asubuhi ya kwanza, Mzee Osea alipokohoa pale mlangoni, Enesi alijifunika kanga gubigubi, akatazama huku, akatazama kule, kisha akapanda kitanda kitupu kilichokuwa chini ya dirisha na kurukia nje, katikati ya maua ya masista.

Wodi nzima ilicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Mwasiti, mwanamke wa Tunduma aliyekuwa anamuuguza mama yake kitanda cha jirani. Mwasiti alikuwa anauza vitenge mpakani, na maneno ya ng'ambo ya Zambia, hata yale ya heshima, yalishamkaa ulimini. Enesi aliporudi ana matope magotini, Mwasiti alimwuliza kama yule mzee anamdai.

"Ni baba mkwe wangu," Enesi alisema, akikung'uta sketi.

"Sasa mkwe ndiyo akurushe dirishani, mukwai? Mie wa kwangu nikimwona namwomba na sabuni."

Wakacheka tena, maana mwaka ule wa vita vya Uganda sabuni ilikuwa haionekani dukani hata kwa kuota. Enesi alijifunga kanga yake upya. Angeanzia wapi? Ukoo wa mume wake ulitoka milima ya Ileje ukaja kulima kahawa Mbozi, na Wandali wa ukoo ule walikuja na heshima zao zote, hawakuacha hata moja njiani. Tangu siku aliyoposwa, Enesi alikuwa hajamtazama Mzee Osea usoni, wala Mzee hajamtazama yeye. Hajawahi kula mbele yake. Hajawahi kumtaja jina. Wameishi kiwanja kimoja, yeye akimjua mzee kwa kikohozi, na mzee akimjua yeye kwa mlio wa nyayo zinazokimbia. Haikuwa chuki. Kijijini Enesi alisifiwa kwa jambo hilo kuliko hata kwa kilimo chake. Wenye wake wakorofi walimtolea mfano yeye.

Ila safari hii walikuwa hawana la kufanya. Lusubilo, mume wa Enesi, alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vitani. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki. Wanawake wote wa kijiji walikuwa kwenye palizi ya shamba la ujamaa, na mwenyekiti alishasema asitoroke mtu. Na mtoto, Jenista, hakuweza kungoja. Alikuwa na umri wa miaka mitano, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na weupe kama maji ya mchele. Mwanga aliuona, vivuli aliviona, basi. Alikuwa anatembea ameshika ncha ya koti la babu yake, na wawili hao walikuwa hawaachani, utadhani koti lilishonwa pamoja na mtoto.

Daktari wa macho, Dokta Enoka, alifika pale misheni mara moja tu kwa mwaka. Alimpima Jenista kwa kurunzi ndogo, akasema atapasua jicho moja sasa na la pili mwakani. Enesi alipouliza, kwa aibu zake, kama haiwezekani kusubiri baba wa mtoto arudi, daktari alitikisa kichwa. Alisema jicho la mtoto ni kama mwanafunzi. Lisipofundishwa mapema kuona, litasahau kazi yake, na baadaye hata ukiliosha namna gani halitajua linatazama nini.

Kwa hiyo wakapasua.

Jenista alitolewa chumba cha upasuaji amefungwa bendeji macho yote mawili, hata lile ambalo halikuguswa, ili lisichezecheze na kulivuta mwenzake. Wakamlaza chali, mfuko wa mchanga upande huu wa kichwa na mwingine upande ule. Nesi Mwanaasha, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kauli ya kukata kama wembe, ndiye aliyetoa masharti. Mtoto asikae. Asiiname. Asilie kwa nguvu. Asiguse bendeji. Uzi walioshonea jicho ni mwembamba kuliko unywele, ukikatika jicho linamwagika na hakuna tena wa kulirudisha.

"Asibaki peke yake hata kidogo," alisema. "Mmenisikia? Hata kidogo."

Enesi aliitikia akiwa kitandani kwa mtoto. Mzee Osea aliitikia akiwa nje, upande wa pili wa dirisha, amegeukia ukuta.

Wakaanza kupokezana, na kila mmoja alikuwa na kazi ambayo mwenzake haiwezi. Enesi alimlisha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, akamfuta, akambadilisha nguo bila kukitikisa kichwa hata chembe. Nesi mwenyewe alisimama akamtazama, asiseme neno, na kwa Nesi Mwanaasha kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa. Lakini kumtuliza, Enesi alishindwa. Jenista alichoka kulala chali, akaanza kunung'unika, akataka kugeuka, akataka kwenda nyumbani. Hapo aliyeweza ni babu peke yake. Mzee alikuwa akikaa tu kwenye kigoda anaanza habari za ujana wake, alivyoshuka kwa miguu mpaka Kamsamba kutafuta mchele, joto la kule linavyomfanya mbwa akatae kubweka, na kiboko aliyemkuta anakula mpunga wa mtu akamwamkia kwa sababu hakujua la kufanya zaidi. Mtoto alitulia kama maji mtungini.

Masista walilalamika kuhusu maua yao, kwa hiyo dirisha likapigwa marufuku. Ikabidi watu hawa wawili watafute namna nyingine ya kuutumia mlango mmoja. Hawakukaa kikao, wangekaaje? Namna ilijitunga yenyewe. Mzee anakohoa mlangoni, halafu anaondoka mpaka nyuma ya chumba cha kufulia na kutazama upande wa milimani. Enesi anatoka, anakwenda jikoni kwa wauguzaji, akifika anagonga kikombe cha bati. Mzee akisikia kikombe, anageuka na kuingia. Jioni wanafanya hivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Mzee alikuwa na adabu nyingi, hata baada ya kusikia kikombe alingoja kidogo tena, asije akamkuta mkwe wake bado njiani.

Mwasiti alikuwa anafurahia mchezo huo kila siku. Alisema hata magendo ya mpakani hayapishani vizuri hivyo. Ila mchezo ulikuwa na kasoro moja, na hakuna aliyeiona. Kati ya kikohozi na kikombe, kitanda kilikuwa hakina mtu.

Mvua ya siku ile ilianza mchana, ile mvua ya Mbozi inayopiga bati mpaka mtu haongei na wa pembeni yake. Mzee alikohoa, akaondoka zake. Enesi alimwambia Jenista atulie, babu anakuja, akajifunika, akakimbilia jikoni, akagonga kikombe. Kisha akainama kupuliza moto, akijua mzee ameshaingia.

Mzee hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati la chumba cha kufulia, maji yanamchuruzika shingoni, akitazama milima ambayo hata haikuonekana, na akisubiri kikombe. Mvua ilikuwa imekimeza.

Jenista aliita babu. Akaita tena. Mwasiti alikuwa ameenda kuchota maji, na mama yake mwenyewe alikuwa amefungwa macho, bibi wa watu akabaki anasema nani anaita, nani anaita. Mtoto akasikiliza wodi, akasikia mvua tu. Akakaa. Akapapasa ukingo wa kitanda, mfuko wa mchanga ukaanguka kwa kishindo, akashtuka akaanza kulia kwa sauti yake yote. Nesi Mwanaasha alipoingia alimkuta amesimama sakafuni, mkono mmoja umeshika bendeji.

Ukelele wa nesi ulipita mvua. Enesi alitoka jikoni mbio, Mzee Osea akatoka kule kwake mbio, na wakakutana mlangoni uso kwa uso, au wangekutana hivyo kama wangekuwa watu wengine. Papo hapo Enesi aligeuka akampa mgongo na kuvuta kanga. Mzee naye aligeuka, akafunika uso kwa kofia. Wakasimama hivyo, migongo miwili, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi apite kwanza, na hakuna aliyepita, na mtoto ndani analia.

"Mnapishana nini hapo?" Nesi Mwanaasha alisema. Safari hii hakupiga kelele, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Jicho linamwagika humu ndani, nyie mnapishana."

Enesi aliingia. Baadaye hakukumbuka miguu yake ilivyomfikisha.

Dokta Enoka aliitwa. Alifungua bendeji, akatazama kwa muda mrefu na kurunzi yake, akafunga tena. Alisema uzi umeshika, lakini damu imeingia ndani ya jicho. Inaweza kunywewa na mwili, inaweza isinywewe, hakuna dawa yake ila kulala kimya. Ikitokea tena kama leo, asiitwe, kwa sababu hatakuwa na la kufanya. Alisema hayo bila ukali, akanawa mikono, akaondoka.

Nesi aliyebaki ndiye aliyekuwa na ukali. Aliwaambia, mmoja akiwa ndani na mmoja barazani, kwamba yeye hana wodi ya watu wanaokimbiana. Mmoja wao arudi kwao kesho. Wachague wenyewe nani.

Enesi alikaa kitandani kwa mtoto na kulifikiria jambo hilo kama mtu anayepima gunia kwa macho. Akiondoka yeye, nani atamlisha mtoto na kumsafisha bila kumtikisa? Akiondoka mzee, nani atamtuliza? Na mtu mmoja atakaaje macho wakati wote? Alifikiria na mengine pia. Alifikiria wanawake wa Ruanda watakavyosema kisimani. Jina lake lilikuwa ndilo mali yake, hakuwa na nyingine. Mwanamke aliyezoeana na baba mkwe wake huimbwa kwenye pombe, na wimbo wa pombeni hauna mwisho.

Mlangoni mzee alikohoa.

Enesi hakuinuka. Alivuta kanga mpaka kidevuni, akakaza mkono wake juu ya kifua cha mtoto. Mzee alikohoa mara ya pili, kikohozi cha kuuliza. Mwasiti aliweka chini ndoo yake polepole. Hakuna aliyecheka.

"Jenista," Enesi alisema. "Mwambie babu aingie. Mwambie mama yupo, na hatoki."

"Babu, mama kasema uingie. Yupo, hatoki."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye koti la mzee, tone kwa tone, yalisikika.

"Mwulize mama yako kama analijua analolisema," Mzee Osea alisema hatimaye.

Enesi hakungoja mtoto aulize. "Mwambie najua. Huko kijijini wakiuliza, nitajibu mimi."

"Hapana," mzee alisema. "Mwambie tutajibu wawili."

Akaingia. Lakini aliingia kinyumenyume, mgongo mbele, hatua ndogo ndogo, mkono ukipapasa hewa nyuma yake. Mtu mzima wa makamo yale, mwenye mvi, aliyekuwa anaheshimika mpaka mbele ya katibu kata, anaingia wodi ya watu kama mtoto anayecheza. Mwasiti alikwenda akamshika bega. "Kushoto kidogo, mzee. Bado. Haya, hapo. Keti." Mzee akakaa, akampa kitanda mgongo, akaupeleka mkono wake nyuma. Jenista alishika kidole kimoja.

Nesi Mwanaasha alikuja usiku huo kuuliza nani anaondoka. Aliwatazama wote watatu, akazima taa, akaondoka.

Wakaishi hivyo. Mzee kwenye kigoda, mgongo kwa kitanda, akizungumza na ukuta habari za Kamsamba. Enesi upande wa pili, amejifunika, akifanya kazi zake. Maneno yao yalipita kwa mtoto. Mwambie babu uji umebaki. Mwambie mama uji nimeshaunywa, asante. Mwambie babu redio imesema askari wetu wanasonga mbele. Mwambie mama nimesikia, Mungu yupo. Jenista alilipenda jambo hilo kuliko hadithi zote, kwa sababu maisha yake yote alikuwa hajawahi kuwa na wote wawili chumba kimoja. Mmoja akija mwingine aliondoka, na yeye alidhani dunia iko hivyo, kama jua na mwezi.

Shida ilikuwa anapolala usingizi. Hapo hakukuwa na wa kupitishia maneno, na wakubwa walikaa kimya kama watu waliofungiwa stoo.

Kikohozi kilimpata mtoto akiwa usingizini. Kilianza kidogo, halafu kikamkamata vibaya, kile cha kubana na kutaka kutapika, mwili mzima ukinyanyuka godoroni. Enesi alimbana mikono na miguu kwa mkono mmoja, wa pili akauweka juu ya bendeji, lakini kichwa kilikuwa kinarushwa, na mfuko wa mchanga ulikuwa unateleza.

"Shika kichwa," Enesi alisema. Halafu akaongeza, bila mtoto yeyote katikati, "Baba, shika kichwa."

Mzee aligeuka. Aliweka viganja vyake pande mbili za kichwa, vidole vyake vikikutana na vya Enesi juu ya bendeji, na akashikilia. Hakukaza wala hakulegeza. Wakakaa hivyo, paji kwa paji karibu kugusana, mpaka kikohozi kikachoka na mtoto akapumua.

"Nimefumba macho, mama," Mzee Osea alisema.

Enesi aliinua uso na kuona kuwa ni kweli. Alikuwa ameyafumba kwa nguvu, kama anayepigwa na moshi, mpaka mashavu yamejikunja. Hapo ndipo Enesi alipomtazama baba mkwe wake kwa mara ya kwanza. Alitazama paji la Lusubilo, pua ya Lusubilo, kovu dogo chini ya jicho ambalo hakuna mtu aliyewahi kumsimulia. Alitazama mzee aliyechoka. Alijua anafanya kosa, na hakuondoa macho upesi.

"Asante, baba," alisema. "Kanga imekaa sawa sasa. Unaweza kugeuka."

Mzee akageuka ukutani, ndipo akafumbua.

Dokta Enoka alirudi kufungua bendeji kabla ya kuondoka na landrova yake kwenda misheni nyingine. Nesi Mwanaasha alikuwa na sinia mkononi. Mwasiti alisimama karibu, mama yake ameshafunguliwa na anaona mpaka anamkosoa binti yake alivyofunga kilemba. Mzee Osea alikuwa dirishani, ametazama nje. Enesi alikuwa ubavuni mwa kitanda, amejifunika, na chini ya kanga alikuwa ameuma kidole.

Bendeji ilitoka. Daktari aliangaza kurunzi, akainama, akaangaza tena. Damu imenywewa, alisema. Imebaki chembe tu, nayo itakwisha. Alichukua kioo kinene cha mviringo, akakishika mbele ya lile jicho lililopasuliwa, akaeleza kwamba mtoto atahitaji miwani mizito na kwamba mwanzoni ataona ovyo ovyo. Halafu akamwuliza Jenista anaona nini.

Jenista alikaa amekunja uso. Enesi alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Naona kule kweupe," mtoto alisema. "Kuna mtu mrefu."

"Nani?"

"Ana koti." Akafikiri. "Babu. Babu kanipa mgongo."

Mwasiti alishika mdomo. Nesi aliweka sinia mezani, ikalia. Mtoto aligeuza kichwa taratibu, daktari akimfuata na kioo chake, akatazama upande wa pili wa kitanda. Akatazama juu, akatazama chini.

"Mama yuko wapi?"

"Nipo hapa, mwanangu."

"Hapa kuna nguo tu," Jenista alisema, na midomo ikaanza kutetemeka. "Mama hana uso."

Mkono wa Enesi ulikuwa kwenye upindo wa kanga, na ulibaki pale pale. Kumsaidia mtoto asipofuke ni jambo moja. Kujifunua mchana kweupe, baba mkwe yuko chumba kimoja, watu wanaona, ni jingine, na mkono wake ulikuwa umefundishwa tangu uchumba.

"Mama," Mzee Osea alisema kule dirishani. Hakumwita mtoto amfikishie. "Jifunue. Mtoto anakutafuta."

"Baba..."

"Jifunue. Mimi natazama nje huku. Lakini hata nisingetazama nje, ningekwambia hivyo hivyo."

Enesi alishusha kanga. Jenista alimtazama. Alinyoosha mkono akaushika uso huo, kwanza kama alivyozoea, kwa vidole, halafu akauondoa mkono na kutazama tena bila kushika, akisogeza kichwa mbele na nyuma kutafuta mahali ambapo uso unakaa vizuri. Daktari alisahau kuwa gari linamngoja.

"Umemwona?" mzee aliuliza.

"Nimemwona."

"Haya nisimulie. Yukoje?"

Jenista alichukua muda wake, maana lilikuwa swali kubwa. "Meno ya mbele yameachana hapa. Ana kishimo shavuni, kimoja tu, hiki kingine hakuna. Paji limetokeza. Anacheka, babu. Halafu analia."

Mzee alikaza mikono kwenye ukingo wa dirisha.

"Basi namjua huyo," alisema, bado ametazama nje. "Ndiye wewe, na mwanya wako na kishimo chako. Kumbe siku zote hizi nilikuwa namwona."